Hivi bei ya korosho yetu inaamuliwa na kura zetu au kura za Wamarekani?

#1 Mkorosho Mkavu (Tandahimba), Agosti 2025
Wakuu salama. Juzi nipo shambani na mashine ya kupulizia mgongoni, salfa (dawa ya mikorosho) imenijaa mpaka kwenye kope, akapita jamaa mmoja anajuana na watu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, akaniambia mjomba mwaka huu usipige hesabu kwa bei ya msimu uliopita. Namuuliza kwa nini, ananiambia Trump. Nikacheka nikajua kashapitia uraka (pombe ya mabibo) asubuhi. Kumbe yuko siriasi, anasema Vietnam wamepigwa ushuru wa 46% kule Marekani, na hao Vietnam ndo wanachukua korosho zetu ghafi wanabangua kwao halafu wanauza huko, kwa hiyo mnunuzi akija mnadani Oktoba hasara yake anakuja kuilipizia kwetu.

Sasa tarehe 29 Oktoba 2025 mimi napanga foleni kumchagua rais, mbunge na diwani. Kati ya kura yangu na kura ya mtu wa Ohio ambaye mkorosho hajawahi kuuona hata kwenye picha, ipi inaigusa zaidi kilo yangu? Msinijibu kichama, nijibuni kihela.

#2 Boda wa Chikongola
Nimeweka kiti hapa, mwenye kahawa apitishe.

#3 Mhasibu Mpweke
Mkorosho, jamaa yako kakupa habari za Aprili. 46 ilitangazwa tarehe 2 Aprili 2025, wiki moja tu ikasimamishwa kwa siku 90, Julai wakaelewana 20% na ikaanza kutumika Agosti 2025. Sisi Tanzania tuliwekewa 10%. Halafu ushuru wa forodha halipi Mvietnam, anaulipa Mmarekani anayepokea mzigo bandarini kwao. Huyo ndo anamwambia Mvietnam nipunguzie, na Mvietnam ndo anakuja kumwambia wa Mtwara nipunguzie. Kila hatua panapungua kidogo, kwa hiyo usidhani 20 yote inashukia mgongoni kwako.

#4 Kangomba Mstaafu (Masasi)
Mhasibu hapo umeongea kivitabu. Mimi nimenunua korosho kwa bakuli usiku miaka hiyo, ndo kangomba yenyewe (nimeshatubu msinipigie polisi), nakwambia kwenye hii biashara kila mtu anamshushia mzigo aliye chini yake, na chini ya mkulima hakuna mtu, kuna panya tu na wao wanakula bure.

#5 Binti Mikindani
Mi naona mnaenda mbali Marekani wakati jibu liko hapa hapa. Angalieni kalenda. Uchaguzi ukikaribia kodi zinashuka, ukipita zinapanda. Kodi ya kichwa ilifutwa 2003, uchaguzi 2005. VAT ilishuka kutoka 20 kwenda 18 mwaka wa uchaguzi 2010. Tukapiga kura 2020, Julai 2021 mkapigwa tozo za miamala ya simu, Agosti kodi ya jengo ikaingizwa kwenye umeme wa LUKU buku kila mwezi. Bado mnauliza?

#6 Mwalimu wa Nyangao
Binti, kazi nzuri ila nakurudishia daftari. VAT ilishuka Julai 2009, siyo 2010. Na hiyo kalenda yako inakataa sehemu moja: sheria mpya ya VAT ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2015, miezi mitatu na ushee kabla ya uchaguzi, na ile sheria ilifuta misamaha kibao. Kama serikali inaogopa mpiga kura namna hiyo, mbona hawakusubiri Novemba?

#7 Binti Mikindani
Asante mwalimu kwa 2009, imenisaidia mimi maana bado ni KABLA ya uchaguzi. Na hiyo 2015 mpiga kura gani wa Mikindani alikuwa anajua misamaha ya VAT? Wanapandisha kile ambacho hukioni, wanashusha kile unachokiona. Julai 2016 ndo wakaweka VAT kwenye makato ya benki, hiyo kila mtu aliiona kwenye simu yake, na uchaguzi ulishapita.

#8 Mzee wa Msimbati
Wanangu hamjambo. Hapo kwenye kodi ya kichwa mmenigusa kidonda. Nyinyi mnaisoma, mimi nimeikimbia. Mgambo walikuwa wanakuja alfajiri, mnasikia tu mbwa wamechachamaa upande wa barabarani, wanaume wote mnatokea mlango wa uani mnaingia mikoroshoni na shuka. Mke anabaki anaulizwa mume yuko wapi anajibu kaenda msibani. Kuna siku kijijini kwetu tulikuwa na misiba kumi na minne na maiti hakuna. Risiti yangu ya mwaka wa mwisho ninayo mpaka leo, nimeikunja ndani ya msahafu, nilizoea kutembea nayo kama cheti cha ndoa.

Sasa mnasema ilifutwa kwa ajili ya uchaguzi. Mimi navyoona ilifutwa kwa sababu ilikuwa inakula posho za mgambo kuliko ilichokuwa inaleta. Kura ilikuja kudandia tu.

#9 Boda wa Chikongola
Misiba 14 maiti hakuna 😂😂 Mzee shikamoo, nimemmwaga abiria.

#10 Wakala wa Shangani
Mimi tozo niliziona kwa macho siyo kwa kuhadithiwa. Kibanda changu Julai 2021 kilikuwa kama duka la barafu Siberia. Mama mmoja mteja wangu wa siku zote alikuwa anamtumia mwanae yupo chuo Dar, akaja akaniuliza nikituma laki na nusu nakatwa ngapi, nikampa karatasi ya makato mapya, akaisoma mstari kwa mstari na kidole, akaikunja akanirudishia. Jioni nikamuona stendi anampa kondakta wa basi bahasha imefungwa na selotepu. Basi zima lilikuwa na bahasha. Tozo ya juu kabisa ilikuwa elfu kumi kwa muamala, Septemba wakapunguza 30%, wakaendelea kupunguza miaka iliyofuata. Na kipindi hicho chote hakukuwa na uchaguzi wowote. Kwa hiyo Binti, aliyeishusha ile tozo ni yule mama na bahasha yake.

#11 Mkorosho Mkavu
Ndugu zangu mmeanza kunipoteza, nimeuliza korosho naletewa LUKU. Hakuna anayekumbuka 2018?

#12 Mtu wa Nanyamba
Nani atasahau. Ekspoti levi, yaani kodi ya kusafirisha nje korosho ghafi, 65% ilikuwa inarudi kwenye zao kupitia Bodi na Mfuko wa Kuendeleza Zao la Korosho, 35% inakwenda hazina. Ndo ilikuwa inaleta salfa na miche. Bunge la bajeti Juni 2018 likabadilisha sheria yote 100% ikaenda mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele mle ndani mpaka sauti zikakauka, ikapita. Na sababu mnaijua, 2015 Mtwara Mjini tulimpeleka mbunge wa upinzani, CUF, Kilwa nao CUF. Ukiwapigia hao unalipishwa. Hayo ndo matokeo ya uchaguzi kwenye kodi, msizunguke.

#13 Ruangwa Asilia
Nanyamba acha hizo. Waziri Mkuu wa wakati ule anatoka Ruangwa, na Ruangwa korosho zimelipa levi ile ile kama za Kilwa. Mkoa wa Pwani nao wanalima korosho, wao waliadhibiwa kwa kosa gani? Serikali ilikuwa na reli, ina bwawa, ina ndege, ilikuwa inakusanya popote penye hela, na mwaka wa nyuma yake korosho ilivuka elfu 4 kwa kilo. Hela ikionekana inafuatwa. Haihitaji hasira.

#14 Mtu wa Nanyamba
Ruangwa, na Novemba ile ile wanajeshi wakaja na malori kubeba korosho kwa 3,300, hiyo nayo ilikuwa reli?

#15 Ruangwa Asilia
Hiyo ilikuwa ni kwa sababu wanunuzi walikuja na bei ya chini ya elfu 3 mkagoma kuuza. Umesahau ulivyoshangilia malori yalipoingia?

#16 Mtu wa Nanyamba
Nilishangilia yalipoingia. Hela ilivyochelewa sikushangilia tena.

#17 Mhasibu Mpweke
Wacha nifafanue levi maana wengi wanaitaja ila hawajui inakaa wapi. Mkorosho, chukua karatasi yako ya malipo ya msimu uliopita, tuambie kuna makato gani.

#18 Mkorosho Mkavu
Ninayo hapa, ina alama ya kikombe cha chai katikati. Kilo 318, daraja la kwanza. Halafu mjengeko: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri, magunia. Levi sijaiona.

#19 Mhasibu Mpweke
Na hutaiona. Anailipa anayesafirisha nje, ni 15% ya bei ya kwenye meli au dola 160 kwa tani, inachukuliwa ile iliyo kubwa. Tuseme bei ya kwenye meli ni dola 1,500 kwa tani (mfano tu), 15% ni dola 225. Kwa kilo moja ni kama shilingi 560. Mnunuzi anaitoa hiyo 560 kichwani mwake KABLA hajaandika bei anayotaka kwenye mnada. Wewe unaona tu bei iliyobaki unadhani ndo bei. Ushuru wa halmashauri ambao unaulalamikia kila mwaka ni 3%, na hata huo ulikuwa 5% mpaka 2017.

Kwa hiyo Binti Mikindani alichosema namba 7 naanza kumuelewa. Kodi inayomtoa mkulima damu nyingi haiko kwenye karatasi yake, kwa hiyo hakuna mgombea anayeulizwa.

#20 Mkorosho Mkavu
560 mara 318. Ngoja.

#21 Mkorosho Mkavu
Laki moja na elfu sabini na nane na themanini. Asee. Hilo ni bati zima la jikoni lile linalovuja.

#22 Kangomba Mstaafu (Masasi)
😂 Mhasibu umemharibia mwenzio usingizi. Ila usijidanganye Mkorosho, levi ikifutwa leo ile 560 haiji kwako yote, wanunuzi watagawana kwanza. Na levi iliwekwa ili korosho zibanguliwe hapa hapa zisiende ghafi. Viwanda viko wapi? Pale kwetu kuna kimoja miaka mingi kilikuwa ghala la kuwekea kila kitu isipokuwa kubangua.

#23 Dogo wa Ligula (kwa sasa Dar)
Habari za kusini. Nisome chuo halafu nikae kimya? Mwenye uzi kauliza pia Marekani na hamjamjibu. Ni hivi, kule uchaguzi mmoja unageuza kodi ya dunia. Trump kashinda 2016, Desemba 2017 kodi ya makampuni ikatoka 35% ikaja 21%. Biden kashinda 2020, mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zikakubaliana kwenye meza ya OECD, ile klabu ya nchi tajiri, kwamba kampuni kubwa isilipe chini ya 15% popote itakapojificha. Trump karudi, tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile ya kuapishwa, akasaini kwamba makubaliano yale kwa Marekani hayana nguvu. Juni 2025 nchi saba tajiri za G7 zikakubali kampuni za Kimarekani zikae pembeni. Yaani dunia imehangaika miaka, kura za majimbo machache zimefuta.

Halafu kodi za mitandao. Sisi tuliweka 2% mwaka 2022 kwa kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali huku. Canada nao walikuwa na yao, Juni 2025 Trump akakasirika akavunja mazungumzo ya biashara, Canada ikaifuta usiku wa kuamkia siku ya malipo. Canada! Sasa wewe wa 2% hapa Ligula utakaza shingo mpaka lini?

#24 Boda wa Chikongola
Dogo umetema madini ila nipe kwa lugha ya boda. Mimi hiyo OECD inanipunguzia nini kwenye mafuta?

#25 Dogo wa Ligula
Kwenye mafuta hakuna kaka. Ila hela ambayo kampuni kubwa haikulipa inabidi itoke kwa mtu, na wa kukamatwa kirahisi ni mwenye simu na LUKU. Ndo maana Novemba 2023 nchi za Afrika zikiongozwa na Nigeria zilipeleka hoja Umoja wa Mataifa kwamba mkataba wa kodi uandikwe kule badala ya klabu ya matajiri, ikapita kwa kura 125 dhidi ya 48. Na Februari 2025 Marekani wakatoka kwenye mazungumzo hayo.

#26 Mwalimu wa Nyangao
Dogo naona ada haijapotea. Ila usimpe mpiga kura wa Marekani sifa zote. Hata wakati wa Biden ile 15% bunge lao halikuipitisha, Kenya na Nigeria nazo zilikataa kusaini 2021 wakiona haiwalipi. Siyo kila kitu ni Trump.

#27 Shangazi wa Newala
Jamani niulize na mimi. Mtoto wa dada yangu yuko Houston, ndo anatusaidia hela ya palizi. Nimesikia huko wameweka kodi 5% kwa wanaotuma hela kwao. Ni kweli? Maana kashanipigia kuniandaa kisaikolojia.

#28 Mhasibu Mpweke
Shangazi pole. Ilianza 5% kwenye muswada, ikashuka 3.5, iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ni 1%. Ni kuanzia Januari 2026, na ni kwa anayetuma kwa kutoa taslimu dirishani. Akitumia akaunti ya benki au kadi ya kule hakatwi.

#29 Shangazi wa Newala
Kumbe. Ahsante baba. Basi huyo mtoto ana lake jambo, jioni nampigia.

#30 Boda wa Chikongola
Uzi umevunja familia ya watu 😂

#31 Mwera Pori (Nachingwea)
Mnaosema kura haibadilishi kodi nendeni Ghana. Kule waliweka tozo ya miamala 1.5% Mei 2022, wakaishusha 1%, watu wakakaa nayo rohoni. Mahama akafanya kampeni kwamba ataifuta, kashinda Desemba 2024, mwanzoni mwa Aprili 2025 imefutwa. Miezi minne. Ile ndo kura.

#32 Binti Mikindani
Mwera na mimi nakupa ya Uganda, inaniunga mkono. 2018 waliweka shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, vijana wakahamia VPN. Uchaguzi Januari 2021. Ile kodi ikafutwa, tukasema safi. Julai 2021 ikaja 12% kwenye bando. Kura zilishahesabiwa.

#33 Wakala wa Shangani
Na Kenya? Ruto alishinda 2022 kwa kura za mama mboga na bodaboda, 2023 mafuta VAT yakatoka 8 kwenda 16. Juni 2024 muswada mwingine wa kodi ukaja, watoto wakaingia barabarani mpaka bungeni, watu wakafa, kesho yake akauondoa. Hapo kura ilipandisha, barabara ikashusha. Narudi pale pale kwa yule mama na bahasha.

#34 Kangomba Mstaafu (Masasi)
Mnasahau kitu kimoja, hapa kwetu badiliko kubwa la kodi halikuletwa na kura wala barabara. Lililetwa na msiba wa Magufuli. Machi 2021. Rais mpya Aprili tu akawaambia watu wa kodi acheni kutumia nguvu, mnaua biashara. Chama kile kile, bunge lile lile, ilani ile ile ya 2020. Mazungumzo ya mradi wa gesi wa Likong'o, Lindi, yaliyokuwa yamelala nayo yakaamka. Baadaye sehemu ya levi ikarudi kwenye zao na salfa ya ruzuku ikaonekana. Sasa hiyo mtaiweka kwenye kalenda ipi?

#35 Ruangwa Asilia
Hapo mzee wa kangomba umenimaliza, ingawa kuna salfa nyingine ya ruzuku inapotelea njiani kabla haijafika kwa mwenye shamba. Kuna mtu kwetu ana mifuko mingi na mikorosho sita.

#36 Mhasibu Mpweke
Na mimi niwamwagie wote maji. India Februari 2018 walishusha ushuru wa kuingiza korosho ghafi kutoka 5% hadi 2.5%. Kwa hesabu zenu za Trump na Vietnam, bei kwetu ilipaswa kupanda. Msimu ule ule ndo bei ilianguka hadi jeshi likaja. Kuna mvua, kuna Afrika Magharibi wanavuna miezi mingine na stoku yao inakaa kwenye maghala ya wabanguaji, kuna dola. Kodi ni mmoja tu kwenye ngoma, wapigaji ni wengi.

#37 Mtu wa Nanyamba
Mhasibu kila hoja unamwagia maji, we ni mhasibu au zimamoto?

#38 Mzee wa Msimbati
Mimi nitaongeza la gesi kidogo nilale. Hapa kwetu visima tunaviona, na halmashauri inapata ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo. Hiyo sheria haijali nani kashinda urais, ila hiyo hela ikishaingia inajali sana diwani ni nani. Ndo maana mimi kura ya diwani naenda nayo mapema, ya rais naipiga nikiwa nimechoka.

#39 Mkorosho Mkavu
Mzee hapo umenijibu nusu ya swali. Sasa mgombea wetu anakuja kijijini wiki ijayo, nimeandika kwenye karatasi ya daftari: "560 mara kilo zangu, inakwenda wapi?" Kuna mtu ana swali lingine fupi? Maana hawatoi kipaza sauti zaidi ya dakika moja.

#40 Binti Mikindani
Muulize levi anaijua ni asilimia ngapi. Usimsaidie.

#41 Kangomba Mstaafu (Masasi)
Atakujibu "hilo ni jambo zuri sana mwananchi" halafu atakupa fulana.

#42 Mkorosho Mkavu
Fulana nachukua, za mwaka 2020 ndo ninazopulizia salfa, zimeisha mgongoni.

#43 Shangazi wa Newala
Nimerudi. Nimempigia. Kumbe kanunua gari.

#44 Boda wa Chikongola
Gari gani shangazi? Weka picha.